Nani Huamua Kwamba Kompyuta Imekufa? Programu huria na mzigo wa taka za kielektroniki

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja. Kompyuta nyingi zilizokuwa zikitumia mfumo huo zilikuwa nzima siku hiyo, na ziliamka nzima kesho yake. Hata hivyo nyingi kati yake haziruhusiwi rasmi kuhamia Windows 11, kwa kuwa mfumo huo uliotoka Oktoba 2021 unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo, kwa upande wa Intel, karibu zote ni za kizazi cha 8 kwenda mbele, yaani zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. Mwishoni mwa 2023 kampuni ya utafiti wa masoko ya Canalys ilikadiria kuwa kompyuta zipatazo milioni 240 duniani zingeweza kuishia kwenye taka kutokana na uamuzi huo mmoja.

Makadirio ni makadirio, na sehemu ya mashine hizo itaendelea kutumika kwa namna moja au nyingine. Kinachonishughulisha mimi ni chanzo cha kifo chenyewe. Mashine hizo hazikuliwa na kutu, hazikuungua, hazikuangushwa na mtoto. Ziliandikiwa mwisho wake ofisini, na mtu aliyekuwa na haki ya kisheria ya kufanya hivyo, kwa kuwa yeye peke yake ndiye anayeumiliki msimbo wa mfumo unaoziendesha. Faida ya programu huria kwa mazingira inaanzia hapo. Leseni yake humpa kila mtu ruhusa ya kuitumia, kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuusambaza. Richard Stallman aliutangaza mradi wa GNU kwa msingi huo mwaka 1983, na mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa kiini cha Linux ambacho leo kimo ndani ya seva, ruta na simu za Android. Mtengenezaji wa kwanza akichoka, mwingine anaweza kuiokota kazi na kuiendeleza, na mashine iliyo mezani kwako ikaendelea kuishi bila kuomba idhini.

Ili kuona kwa nini umri wa mashine una uzito wote huo, inabidi tuulize hewa ukaa yake hutoka lini. Watengenezaji wenyewe huchapisha hesabu za bidhaa zao. Kwa kompyuta mpakato za kawaida za ofisini, hesabu hizo huwa kati ya kilo 200 na 350 hivi kwa maisha yote ya mashine, na takriban robo tatu ya kiasi hicho, mara nyingi zaidi, huwa imeshatoka kabla mnunuzi hajaiwasha kwa mara ya kwanza: katika kuchimba na kuyeyusha madini, katika kutengeneza chipu kwa umeme mwingi na maji yaliyosafishwa kupita kiasi, katika kuunganisha na kusafirisha. Kinachobaki ni umeme wa matumizi. Na hesabu hizo kwa kawaida hudhani kwamba mashine itatumika Ulaya au Marekani, ambako sehemu ya umeme bado hutokana na gesi na makaa ya mawe. Ihamishie Nairobi, ambako karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua, na ile sehemu ya matumizi inasinyaa zaidi. Tanzania nayo, tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 ianze kuzalisha, inategemea maji kwa kiasi kikubwa kuliko miaka michache iliyopita.

Maana yake ni kwamba kwa mtumiaji wa Nairobi au Dar es Salaam, karibu madhara yote ya kompyuta yake kwa hali ya hewa yalishatokea, mbali na nyumbani kwake, na hayarudishiki. Kilichobaki mikononi mwake ni kuyagawa kwa miaka mingi iwezekanavyo. Mashine ambayo utengenezaji wake ulitoa kilo 250 na ikatumika miaka 4 imegharimu zaidi ya kilo 62 kila mwaka; ikifika miaka 10 ni kilo 25. Hakuna mpangilio wa kuokoa betri wala wa kupunguza mwanga wa kioo unaoweza kufikia tofauti hiyo. Shirika la European Environmental Bureau lilipopiga hesabu mwaka 2019, lilikuta kwamba kurefusha maisha ya simu, kompyuta mpakato, mashine za kufulia na vifyonza vumbi vyote vya Umoja wa Ulaya kwa mwaka mmoja tu kungeokoa tani milioni 4 za hewa ukaa kila mwaka kufikia 2030, sawa na kuondoa magari milioni 2 barabarani.

Upande mwingine wa hesabu hii haupimwi kwa hewa ukaa, na unawagusa moja kwa moja watu wanaozungumza Kiswahili. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, nyingi ikitoka Kolwezi na maeneo mengine ya iliyokuwa Katanga. Koltani, ambayo hutoa tantalamu ya vile vikapasita vidogo ndani ya simu na kompyuta, huchimbwa Kivu, na mgodi wake unaojulikana zaidi ni Rubaya, wilayani Masisi, ulioangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024. Kolwezi, Lubumbashi, Goma: Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na ya mgodini. Wachimbaji wadogo hushuka kwenye mashimo waliyoyachimba kwa sululu, bila nguzo za kuzuia udongo, na mito inayopita karibu na mitambo ya kusafishia madini hubeba uchafu wake hadi mashambani. Leo magari ya umeme ndiyo yanayokula kobalti nyingi zaidi, lakini betri za simu na kompyuta bado huchukua fungu kubwa. Kila kompyuta isiyonunuliwa kwa sababu ile ya zamani bado inafanya kazi ni madini ambayo hayakuhitajika kutoka ardhini mwaka huo. Naliona hili kuwa jambo zito kuliko mjadala wote wa kuokoa umeme, na nashangaa jinsi lisivyotajwa kwa kawaida pale programu huria zinapojadiliwa kwetu.

Mwisho wa safari nao si mzuri. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki iliyotoka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Barani Afrika kiwango hicho hakifiki asilimia 1. Nambari hiyo haina maana kwamba Waafrika hawarejelezi kitu; mtu yeyote aliyewaona wauza vyuma chakavu wakipita mitaani anajua kwamba shaba na alumini hazipotei. Inamaanisha kwamba kazi inafanyika kwa moto na kwa mikono mitupu: nyaya huchomwa ili shaba ibaki, risasi na kadimiamu vikaingia udongoni, moshi wa plastiki ukaingia mapafuni mwa vijana. Agbogbloshie, jijini Accra, ilipata sifa mbaya duniani kwa hilo hadi sehemu yake ilipobomolewa mwaka 2021, na uchomaji ukahamia pembeni. Kuchelewesha kifaa kufika huko kwa miaka mitano kunasaidia kuliko kampeni nyingi za kuwafundisha watu namna ya kukitupa.

Hayo ya Windows 10 si mapya. Windows XP ilipokaribia mwisho wa msaada wake tarehe 8 Aprili 2014, jiji la Munich nchini Ujerumani, ambalo wakati huo lilikuwa limehamishia kompyuta zake nyingi za ofisi kwenye Linux kupitia mradi wa LiMux, liliandaa diski za Lubuntu, aina nyepesi ya Linux, likazigawa bure kwa wakazi kupitia maktaba ili wasitupe kompyuta zao. Halmashauri ya jiji, taasisi ya serikali, ikimpa mwananchi njia ya kuendelea na mashine aliyonayo: sijui mfano mzuri kuliko huo. Miaka michache baadaye, mwaka 2017, madiwani wa jiji hilohilo walipiga kura kurejea Windows. Teknolojia haikubadilika katikati. Uongozi ndio uliobadilika. Mwaka 2025 kazi ya kuokoa mashine ilichukuliwa na watu wa kujitolea. Jumuiya ya programu huria ya KDE na wenzake walianzisha kampeni ya End of 10, inayoorodhesha mafundi, maduka na vikundi vya ukarabati vilivyo tayari kumsaidia mtu kuweka Linux kwenye kompyuta aliyoambiwa imepitwa na wakati.

Programu huria nazo huziacha mashine nyuma. Prosesa ya Intel 386, iliyotoka mwaka 1985, iliondolewa kwenye kiini cha Linux mwishoni mwa 2012. Debian 13, aina nyingine ya Linux iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Lakini miaka 27 kwa prosesa moja ni umri usiofikiwa na mfumo wowote wa kibiashara wa kompyuta binafsi ninaoujua, na uamuzi wa kuiondoa ulijadiliwa hadharani, kwa sababu za kiufundi zinazosomeka na yeyote.

Afrika Mashariki ina nafasi ya pekee katika mjadala huu, kwa kuwa hapa maisha ya pili ya kompyuta ni jambo la kawaida kabisa. Nairobi mtu anayetafuta kompyuta mpakato ya bei ya kati huuliza "ex-UK". Kariakoo, Dar es Salaam, ataambiwa ya mtumba, imekuja kupitia Dubai. Ni EliteBook, ThinkPad na Latitude zilizotumika miaka mitatu hadi mitano katika ofisi za Ulaya au Ghuba, zikasafishwa, zikaingizwa kontena. Nyingi ni imara kuliko mpya za bei hiyohiyo. Na nyingi ni za kizazi cha 6 na cha 7, zile hasa zilizofungiwa mlango wa Windows 11.

Basi je, wenye mashine hizo watakimbilia Linux? Watetezi wengi wa programu huria hujibu kwa kutaja bei: Windows inauzwa, Linux ni bure. Hoja hiyo haijawahi kufanya kazi kwetu na haitafanya kazi leo, kwa kuwa mpinzani wa Linux katika duka la fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, Nairobi, ni Windows ya wizi, ambayo mteja huilipia ada ya fundi tu. Hata hii Windows 11 inayokataa prosesa za zamani, mafundi wanaipiga kwa ujanja wa kuruka ukaguzi, na inawaka. Mteja anaondoka ameridhika. Asichoambiwa ni kwamba Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na kwamba zana ya kuvunjia leseni aliyowekewa mara nyingi huingia na virusi vyake. Miezi michache baadaye mashine inakuwa nzito, inaganda, inajaza matangazo. Anairudisha, inapigwa upya. Na baada ya mzunguko wa tatu au wa nne mwenyewe anakata tamaa na kusema kompyuta imechoka. Imechoka nini? Prosesa haichoki. Kilichochoka ni mfumo uliowekwa kwa njia ambayo hauwezi kutunzwa.

Hapo ndipo Linux inashinda kwa hoja ya haki. Ukiiweka kihalali unapata masasisho yote, kwa kompyuta ya 2015 sawa na ya 2025. Virusi vya flashi vinavyosumbua kila steshenari ya mjini havina kazi humo. Aina nyepesi kama Xubuntu, Lubuntu au Linux Mint ya Xfce hukaa vizuri kwenye memori ya gigabaiti 4, na ukibadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD ya bei ndogo, kompyuta ya miaka kumi huwaka haraka kuliko nyingi zilizoko madukani. Fundi yeyote mzoefu atakuambia hivyo kuhusu SSD. Machache ndiyo yanayokwama: programu za uhasibu zilizoandikiwa Windows pekee, mifumo ya ofisi inayodai Excel yenye makro, printa fulani. Kwa mwanafunzi, mwandishi, karani wa shule, mhudumu wa duka la huduma za mtandao, hayo hayamhusu.

Lakini si kila mashine ya zamani inastahili kuokolewa. Kompyuta ya mezani ya mwaka 2004 yenye skrini ya kioo kinene inaweza kula wati 150. Mpakato wa miaka kumi iliyopita hula 20 hivi. Zitumike saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka: ya kwanza inakula uniti 300, ya pili 40. Shule iliyo na paneli chache za sola au jenereta haiwezi kubeba maabara ya mashine ishirini za aina ya kwanza, hata zikiwa zawadi. Msaada wa namna hiyo ni kuhamisha taka kutoka Ulaya kwa jina la elimu, na hakuna Linux inayoweza kuutakasa. Mikutano ya Mkataba wa Basel iliona hilo, ikakaza masharti: tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, hata zisizo za hatari, zinahitaji ridhaa ya nchi inayozipokea kabla ya kuvuka mpaka.

Programu yenyewe pia ina ulaji wake. Mwaka 1995 Niklaus Wirth, aliyebuni lugha ya Pascal, alilalamika kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa kasi kuliko mashine zinavyozidi kuwa na nguvu, na miaka thelathini iliyofuata haikumkanusha. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Shirika la Mazingira la Ujerumani, uliochapishwa 2018, ulilinganisha programu mbili za kuandikia zikifanya kazi ileile, ukakuta moja inakula nishati mara nne ya nyingine. Kutokana na kazi hiyo, nembo ya mazingira ya Blauer Engel, iliyoanzishwa nchini humo mwaka 1978 na inayojulikana zaidi kwenye karatasi na rangi za nyumba, ilifunguliwa kwa programu za kompyuta mwaka 2020. Masharti yake ni mazuri kuyasoma: programu ipimwe nishati inayokula, ifanye kazi kwenye mashine yenye umri wa angalau miaka mitano, isimlazimishe mtumiaji kuwa mtandaoni pasipo sababu, isimletee matangazo, iondoke kikamilifu inapoondolewa. Programu ya kwanza kabisa kupata nembo hiyo, mwaka 2022, ilikuwa Okular ya KDE, programu huria ya kusomea hati za PDF.

Sidhani ilikuwa bahati. Programu isiyotegemea matangazo wala kuuza taarifa za watumiaji haina sababu ya kufanya kazi nyuma ya pazia, na msimbo ulio wazi hupimika na mtu wa nje. Lakini Okular si mzigo mkubwa wa mtu wa kawaida. Mzigo uko kwenye kivinjari. Unaweza kuweka mfumo mwepesi kuliko yote, na bado kurasa za habari za leo, zilizojaa vipande vya matangazo na video zinazojiwasha, zikaigandisha kompyuta ya gigabaiti 2 na kula bando la mtu. Kizuizi cha matangazo kama uBlock Origin, ambacho nacho ni programu huria, huokoa memori na data kwa pamoja, na kwa mtumiaji anayenunua bando kwa siku hilo huonekana mfukoni kabla halijaonekana kwenye mazingira.

Kwenye simu ndipo mambo yalipo magumu, na ndiko waliko watu wetu wengi. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, na sehemu kubwa ya msimbo wake ni huria. Kwa nini basi simu inaachwa bila masasisho baada ya miaka miwili au mitatu? Kwa sababu sehemu inayoiunganisha Android na chipu ya simu husika huwa imefungwa, na mtengenezaji wa chipu akiacha kuitunza, mtengenezaji wa simu naye huacha. Kisa cha Fairphone 2 kinaonyesha ugumu huo na namna ya kuuvuka. Simu hiyo ya kampuni ndogo ya Uholanzi ilitoka mwaka 2015 ikiwa na Android 5. Mwenye chipu alipojitoa, kampuni ilishirikiana na waandishi wa msimbo wa kujitolea na kazi ya mradi wa LineageOS, toleo huria la Android, ikaifikisha simu Android 10, na kuitunza hadi Machi 2023. Zaidi ya miaka saba, kwa chipu iliyokuwa imetelekezwa. Kampuni kubwa zaidi zenye wahandisi wengi zaidi hazikufanya hivyo kwa simu zao za mwaka huo. LineageOS, iliyorithi kazi ya CyanogenMod mwishoni mwa 2016, na postmarketOS, iliyoanza 2017 kwa lengo la kuifanya simu iishi miaka kumi, zinaendelea kuokoa simu zilizoachwa na wenyewe.

Kinachozuia ni kufuli. Simu nyingi hukataa mfumo wowote usiotiwa saini na mtengenezaji, na ruhusa ya kulifungua kufuli hilo inazidi kuwa adimu. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Simu nyingi za bei nafuu zinazotawala masoko ya Afrika hazina hata toleo la LineageOS, kwa kuwa watengenezaji wake hawatoi msimbo unaohitajika kulitengenezea. Ukishafanikiwa kuweka mfumo huria, programu za benki zinaweza kukataa kufunguka zikisema simu si salama, ingawa ina masasisho ya mwezi huu na simu rasmi ya jirani ina ya miaka minne iliyopita. Menyu ya *150*00# haijali mfumo ulioko, na ndiyo maana mtu wa M-Pesa Tanzania hupata nafuu kidogo kuliko mteja wa benki. Kisha ziko simu za mkopo, zinazouzwa kwa malipo ya kila siku na kuwekewa programu ya kuzima simu mteja akichelewa kulipa. Naelewa kwamba bila dhamana hiyo wengi wasingepata simu janja. Ila simu iliyozimwa kwa deni na kuachwa drooni ni kifaa kizima kilichogeuzwa taka kwa amri ya programu, na mkopeshaji angeweza kulazimishwa kisheria kukifungua au kukichukua baada ya muda fulani.

Ningekuwa nadanganya kama ningesema uwazi wa msimbo peke yake huleta uhifadhi. Bitcoin ni programu huria tangu siku yake ya kwanza mwaka 2009, na kwa makadirio ya Chuo Kikuu cha Cambridge mtandao wake hula zaidi ya terawati-saa 100 za umeme kwa mwaka, kiasi kinachozidi mbali umeme wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Linux ndiyo inayoendesha kompyuta zote 500 zenye nguvu zaidi duniani tangu Novemba 2017, na ndiyo iliyo kwenye sehemu kubwa ya seva za vituo vya data, ambavyo kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati vilikula terawati-saa 415 mwaka 2024, karibu asilimia 1.5 ya umeme wa dunia, na vinatarajiwa kula zaidi ya mara mbili ya hapo ifikapo 2030 kwa sababu ya akili unde. William Stanley Jevons alieleza mwaka 1865, akizungumzia makaa ya mawe ya Uingereza, kwamba injini zinapokula kidogo kwa kila kazi, watu huongeza kazi hadi ulaji wote unapanda. Programu bora na ya bure imeurahisisha ujenzi wa vituo hivyo. Kwa hiyo faida ninayoitetea hapa ni moja na ina mipaka: haki ya kutunza kifaa. Haki hiyo ikitumiwa na mtu mwenye kompyuta ya 2016 huokoa madini. Ikitumiwa na mwenye ghala la chipu, huzaa ghala jingine.

Liko pia eneo ambalo programu huria zinafanya kazi ya mazingira yenyewe, na Dar es Salaam ni mfano wa kujivunia. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa kata zinazofurika, wakachora mitaro, nyumba na njia kwa kutumia ramani huria ya OpenStreetMap na programu huria ya QGIS. Kabla ya hapo, mwaka 2011, kazi kama hiyo ilikuwa imefanyika Tandale. Ramani za mitaa hiyo hazikuwapo kwa kiwango hicho, na leseni za programu za kibiashara za ramani zingekula bajeti ya kata nzima. Leo mtu yeyote anaweza kuzichukua na kuziendeleza, na mvua zinazofurisha Mto Msimbazi haziulizi nani alizilipia.

Sheria zetu zimeanza kuamka, ila zinaamkia mwisho wa mstari. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayompa mzalishaji wajibu juu ya bidhaa yake baada ya matumizi. Rwanda ina kiwanda cha kurejeleza taka za kielektroniki Bugesera. Nairobi kuna WEEE Centre, kilichozaliwa kutokana na mpango wa kupeleka kompyuta zilizotumika mashuleni. Hayo yote ni mazuri na yanahitaji fedha zaidi. Umoja wa Ulaya umeenda hatua moja mbele: tangu tarehe 20 Juni 2025 simu na tableti zinazouzwa huko lazima zipate masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano baada ya modeli hiyo kuacha kuuzwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweza kudai hilohilo kwa soko lake, na kuongeza lile ambalo Ulaya haijalidai: kwamba mtengenezaji akiacha kutoa masasisho, afungue kufuli na kuachia msimbo wa kuendeshea kifaa.

Hata bila sheria mpya, zabuni za serikali zinatosha kuanzia. Halmashauri inayonunua kompyuta 200 inaweza kuandika kwenye masharti kwamba mashine iwe na vipuri vinavyobadilishika na iendeshe Linux bila tatizo, na kwamba kazi ya ofisi ihifadhiwe kwa muundo wa faili ulio wazi, ili siku msaada wa mfumo uliokuja nazo utakapokwisha, mashine zibaki ofisini. Sharti hilo haligharimu shilingi. Linalogharimu ni fundi. Kwa sasa fundi wa mtaani hulipwa kila anapopiga window upya, na mfumo usioharibika unamkosesha riziki. Hakuna hotuba ya mazingira itakayobadili hilo. Shule na halmashauri zikimlipa kwa mwaka, kwa kila kompyuta inayobaki ikifanya kazi, na vyuo vya VETA vya Tanzania na vyuo vya ufundi vya Kenya vikaingiza utunzaji wa Linux katika mafunzo ya umeme na elektroniki, kipato chake kitapanda kadiri mashine zinavyoishi. Mkataba wa namna hiyo unaweza kuandikwa katika mwaka huu wa fedha, na ofisi nyingi zina stoo iliyojaa mashine za kuanzia.